Mkono Usiosikia Mpini

Mwaka 2012 nilikuwa koplo wa polisi mjini Lodwar, upande wa upelelezi, na wenzangu walinijua kwa ubishi wangu juu ya mpini wa bastola. Sisi tunaovaa kiraia hubeba bastola kiunoni, chini ya shati, kwa hiyo mpini ndio sehemu unayoishi nayo kutwa nzima. Wengi walipenda mpini laini wa mbao kwa sababu hauchubui ngozi wala haukamati nguo unapoichomoa. Wengine walikata tyubu ya baiskeli wakauvisha mpini kama soksi. Mimi nilitaka mpini mkali, uliochongwa vimistari vinavyokatana, wa kuparuza kiganja kama mgongo wa kenge. Lodwar, saa nne asubuhi, mkono umeshalowa jasho. Kitu laini kinateleza. Nilikuwa nikiwaambia hivyo kantini mpaka wananizomea.

Naandika haya dawa zikiwa zimekwisha na yale mabaya zaidi yakiwa yamepita. Namwandikia mtu ambaye ameona doa mwilini, halimwashi wala halimuumi, na kwa sababu hiyo amelisahau.

Langu lilitokea juu kidogo ya kiwiko cha kulia. Lilikuwa limefifia kuliko ngozi yangu, kama mahali palipomwagikiwa maji ya unga yakakauka. Nikalipaka dawa ya choa. Baadaye kidole kidogo na cha pete vikaanza kufa ganzi. Nilienda kliniki moja ya mtu binafsi pale mjini, wakaniambia ni uchovu wa kazi, wakanipa vitamini. Nilizimeza kwa utiifu wote. Ganzi haikuondoka, nami nikaizoea kama mtu anavyozoea mlango unaokwama.

Siku ya mazoezi ya shabaha ilikuwa mwezi wa pili, kiangazi kimeshika. Tulikuwa nje ya mji, nyuma ya vilima, upepo unatupiga na mchanga. Nilipiga vizuri siku hiyo. Tulipomaliza tukapanga foleni kurudisha silaha kwa Sajenti Ekiru, mtunza ghala letu la silaha, Mturkana mrefu mwenyeji wa Kataboi ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti. Aliipokea bastola yangu, akaigeuza, akasita.

"Koplo, hii damu ya nani?"

Nikaangalia. Mpini ulikuwa umelowa. Vile vimistari vyake vyote vilikuwa vimejaa damu.

"Mkono yako," akasema. "Angalia."

Chini ya kidole kidogo ngozi ilikuwa imekwanguka yote, nyama inaonekana. Mpini niliousifu ulikuwa umenila kiganja, nami nilikuwa nimesimama pale nikicheka na wenzangu.

"Haiumi?" Ekiru akauliza.

"Haiumi."

"Basi hiyo ndiyo mbaya."

Alitoa kitambaa chenye mafuta ya bunduki, akaufuta mpini polepole, akaiweka bastola kando. Hakumwambia mtu. Hilo nalihesabu kuwa rehema ya kwanza.

Wiki chache baadaye nilitumwa Kakuma kufuatilia wizi wa pampu ya maji kwenye kambi ya wakimbizi. Shahidi mmoja alikuwa mgonjwa, nikaenda kumwandikia maelezo yake huko huko zahanati. Ilikuwa jengo la mabati na wavu, pembeni kuna kivuli cha turubai na mabenchi yaliyojaa watu: Wasomali, Wasudani, Wakongo, Warundi, kila mmoja na lugha yake, na watoto wanaolia kwa lugha moja. Nilikuwa naandika pale mlangoni wakati mhudumu wa kliniki, dada wa Kikisii anayeitwa Moraa, alisimama akinitazama. Nilidhani anataka kunifukuza.

"Afande, samahani," akasema. "Kalamu unaishika hivyo tangu lini?"

Nilikuwa naishika kwa vidole vitatu. Vile viwili vilikuwa vimejikunja kiganjani bila mimi kuviagiza.

Alinipeleka ndani, akaniketisha, akachukua pamba akaisokota ncha.

"Fumba macho. Nikikugusa, onyesha mahali kwa mkono mwingine."

Nikafumba. Akanigusa shavuni, nikaonyesha. Akanigusa dole gumba, nikaonyesha. Kisha akanyamaza. Nilisikia mabati yakilia kwa joto na mtu nje akiita jina. Nikangoja. Nikafikiri ameitwa.

"Bado uko?" nikauliza.

"Niko. Nimekugusa muda wote huu. Fumbua macho sasa."

Pamba ilikuwa juu ya kile kidole kidogo, na alikuwa ameikandamiza mpaka imelala. Akanipapasa kiwiko, nyuma, akapata mshipa wa fahamu umevimba kama kamba ya viatu. Akatazama lile doa. Akatazama nyusi zangu, ambazo nilidhani zimepungua kwa sababu ya kuzitinda. Kisha akavuta stuli akaketi tukawa macho kwa macho.

"Ni ukoma, dada yangu."

Nilicheka. "Ukoma uko kwenye Biblia, daktari."

"Na uko kwenye mkono wako. Tofauti ni kwamba siku hizi una dawa."

Alinieleza taratibu. Ni vidonge vya kila siku kwa mwaka mzima, vinakuja kwa pakiti ya mwezi mmoja mmoja, na kila pakiti mpya naianzia mbele yake. Baada ya dozi za mwanzo sitaweza kumwambukiza mtu. Ganzi iliyokwisha kuingia huenda isirudi yote. Nikamuuliza kama nitapoteza vidole. "Ukiviangalia kila siku kama mtoto mchanga, hutavipoteza," akasema. "Watu hawaliwi na ukoma. Wanaliwa na moto, na miiba, na viatu, kwa sababu hawasikii."

Nikameza vile vya kwanza mbele yake kwa maji ya jerikani. Mkojo wa jioni hiyo ulitoka mwekundu kama juisi. Alikuwa amenionya, hata hivyo nilishika ukuta.

Njiani kurudi Lodwar nilikaa nyuma ya landkruza ya kazini na kutazama mikoma kando ya laga, mto wa msimu uliokauka. Nilikuwa nimeipita miti ile miaka mitatu, wanawake wanasukia vikapu kwa makuti yake, na siku zote mkoma kwangu ulikuwa mti. Siku hiyo nilisikia ule upande mwingine wa jina: mkoma, mtu mwenye ukoma.

Bastola niliirudisha mwenyewe. Nilimweleza Ekiru ukweli wote, kwa sababu ndiye aliyeiona damu. Akaipokea kwa mikono miwili.

"Mimi nitaiweka," akasema. "Ukipona utaikuta."

Bosi wetu alikuwa mtu mwingine. Nilipolitaja jina la ugonjwa, kiti chake kilisogea nyuma chenyewe.

"Koplo, nenda ukapumzike nyumbani. Tutaangalia habari ya bodi ya matibabu. Ustaafu wa afya si aibu."

"Sitaki kustaafu, bwana."

"Polisi gani asiye na mkono wa kulia?"

"Mkono ninao. Nipe muda wa dawa tu. Nikimaliza dawa, nipeleke uwanjani nipige shabaha kama kila mtu. Nikishindwa, hiyo bodi nitaiita mwenyewe."

Alifikiri, akanipeleka chumba cha redio. Nadhani alitaka nichoke niondoke. Chumba chenyewe kilikuwa na dirisha moja na feni iliyokuwa ikizunguka inapopenda. Nilikaa pale nikipokea sauti za wenzangu walioko barabarani, Kalemng'orok, Lokichar, na nikajiambia: hapa sitoki kwa mlango wa bodi.

Nyumbani ndiko nilikotikisika. Mume wangu Wafula ana duka la misumari na saruji mjini Lodwar. Tulihamia pamoja kutoka upande wa Kitale. Mama yake alikuwa akikaa nasi kumtunza binti yetu Neema, aliyekuwa darasa la pili. Niliwaambia jioni, uani, baada ya chakula. Wafula aliinamisha kichwa. Mama akasimama, akakusanya vyombo, na nikamwona akikitenga kikombe changu.

"Mama, dawa nimeanza. Siambukizi mtu."

"Nimesikia, mwanangu," akasema, bila kunitazama. "Ni kwa sababu ya mtoto tu."

Kesho yake nilikikuta kikombe kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio, kisije kikachanganyika. Lodwar wakati wa joto watu hulala nje, vitanda uani. Wafula alikihamishia chake upande wa pili wa tangi la maji. Neema alipotaka kuja kwangu, bibi yake alimwita kwa jambo lolote lile, mara kuni, mara kuku, hata kama kuku hatukuwa nao.

Moraa alikuwa ametaka awapime wote wa nyumbani. Ilichukua miezi miwili kumshawishi Wafula kufunga duka twende Kakuma na mtoto; Mama alibaki nyumbani. Neema alifumba macho akaonyesha kila mahali pamba ilipogusa, akicheka kwamba inamtekenya. Alikuwa mzima. Wafula naye mzima. Pale nje ya zahanati, kwenye jua kali, mume wangu akaniambia, "Nilikuwa naogopa kupimwa, Mama Neema. Si wewe niliyekuwa nakuogopa." Sikujua kama niamini. Lakini jioni hiyo kitanda chake kilirudi upande wetu wa tangi.

Kila mwezi nilikwenda Kakuma. Ningeweza kuomba dawa ziletwe Lodwar, ila Lodwar kila mtu ananijua, na pale kwenye benchi la turubai nilikuwa mgonjwa tu. Huko ndiko nilikokutana na Mama Furaha, Mkongo wa makamo, mnene, aliyekuwa amemaliza dawa zamani na aliyekuja kufungwa kidonda cha mguu. Alikuwa na vidole vinne tu vizima kwa mikono yote miwili, na kwa vinne hivyo alikuwa akisuka nywele za wasichana pale pale foleni.

"Dada polisi," aliniambia siku ya kwanza, "ile dawa itakugeuza mweusi. Usiogope. Mi nilikuwaka mweusi sawa makala. Kisha inatokaka polepole."

"Watu watauliza."

"Waulize! Weye unaambia: niko nakunywa dawa. Ule mwenye hanywi ndiye wa kuogopesha."

Ilitokea alivyosema. Kufikia pakiti ya nne uso wangu ulikuwa umeiva rangi ya zambarau yenye wekundu, na miguu imekauka kama ya samaki aliyeanikwa. Watu sokoni, walionisalimia "Ejok!" kwa furaha, sasa walisema "Ejok" kisha wakatazama chini. Jasho liliacha alama kwenye kola ya shati. Nilinunua mafuta ya nazi na kila jioni nililoweka mikono na miguu kwenye beseni, kisha nikajipaka ngozi ikiwa bado mbichi, nikitafuta mikwaruzo kwa macho kwa sababu vidole havikuniambia kitu. Siku moja nilikuta malengelenge makubwa: nilikuwa nimeshika sufuria ya moto. Tangu siku hiyo mpishi akawa Wafula. Ugali wake ulikuwa na madonge, tukaula hivyo hivyo.

Mwezi wa tisa mwili wangu uligeuka. Niliamka mkono umevimba, doa limekuwa jekundu na limeinuka, na kutoka kiwikoni hadi kidoleni kukapita maumivu ambayo sijui niyafananishe na nini. Nilidhani dawa imeshindwa. Wafula alikodi gari tukaenda Kakuma siku hiyo hiyo. Moraa alinilaza, akanieleza kwamba mwili umeamka na unapigana na vijidudu vilivyokwisha kufa, na katika kupigana unauumiza mshipa. Akaongeza vidonge vingine vya kutuliza uvimbe. Vilinivimbisha uso ukawa mviringo kama sahani, vikanipa njaa ya kibarua wa mjengo.

Siku ya pili Mama Furaha alikuja akaketi kando ya kitanda. Nilikuwa nalia.

"Inauma wapi?"

"Mkono wote. Mpaka kidole cha pete."

Akanishika goti. "Hata kidole? Kidole chenye kilikuwa kimekufa?"

Nikaacha kulia. Sikuwa nimelitambua hilo. Kilikuwa kinauma, na kwa kuwa kilikuwa kinauma, kilikuwepo. Moraa alipopima, kidole cha pete kilikuwa kimerudisha hisia upande mmoja. Kidole kidogo kilibaki kimya, na mpaka leo kiko kimya.

Niliporudi Lodwar, mvua za vuli zilikuwa zimenyesha milimani na mto Turkwel umejaa maji mekundu. Bosi aliulizia habari ya bodi. Nikamwambia bado nina dawa. Kisha Ekiru akaja nyumbani Jumapili moja mchana, baada ya ibada, amebeba soksi iliyojaa vitu. Akaimimina kwenye mkeka wetu uani: mipini mitupu ya bastola mbovu zilizokwisha kufunguliwa, mingine ya mbao, mingine ya plastiki, mingine ya mpira.

"Bosi amekubali," akasema. "Bunduki yenyewe hapana, mipini tu. Chagua. Lazima tujue mkono yako sasa napenda gani."

Aliifunga kwenye kipande cha mbao chenye uzito kama wa bastola, mmoja baada ya mwingine, nami nikawa nainua, nakaza, nashusha. Huu ndio ulikuwa mwisho wa ubishi wangu wa kantini. Mpini laini ulinishinda kabisa: sikujua nimeukaza kiasi gani, nikawa naukamua mpaka mkono unatetemeka, kisha unazunguka kiganjani jasho likija. Ule mkali nilioupenda ulishika vizuri, lakini tulipoangalia kiganja kilikuwa chekundu kote. Tungeendelea kidogo tu ingekuwa damu tena. Ule wa mpira ulikuwa mwororo, ila upande wa kidole kidogo ulijikunja bila mimi kujua.

Mama alikuwa akitazama kutoka mlangoni. Alikuwa ametazama kwa muda mrefu, mpaka nikamsahau. Ghafla akaja, akaketi mkekani, akauchukua ule mpini mkali.

"Jembe langu lilikuwa likinichubua hivi," akasema. "Nikalifunga kitambaa."

Akachana upindo wa leso yake kuukuu, akauzungusha kwenye mpini, akaukaza kwa meno. Kisha akauchukua mkono wangu wa kulia, ule wenyewe, akavikunjua vidole vyangu kimoja kimoja na kuvikunja juu ya kitambaa. Alikuwa hajanigusa tangu mwezi wa nne. Ekiru akainama akajifanya anapanga mipini mingine.

"Sasa inua," Mama akasema.

Nikainua. Kitambaa kililowa jasho muda si mrefu, kikaanza kuteleza. Hakikufaa hata kidogo. Nilikaa nacho mkononi mchana mzima.

Kilichofaa tulikipata baadaye, kwa fundi wa akala, vile viatu vya tairi, sokoni. Ekiru alikuwa amegundua kwamba chini ya dole gumba, na katikati ya kiganja, hisia yangu bado ni nzuri; ni ukingo tu uliokufa. Basi tulihitaji mpini ambao mistari yake mipana ningeisikia kwa sehemu iliyo hai, na ambao ungekuwa mpole kwa sehemu iliyokufa. Fundi alikata mpira mwembamba wa ubavu wa tairi, akachonga mifereji mipana kwa kisu upande wa dole gumba na kuuacha upande wa pili wazi, bila mchoro. Hakuuliza ni wa nini. Tulipoufunga kwenye ubao, nikaushika, nikajua papo hapo ulivyokaa. Nilijua bila kutazama.

Mazoezi yalikuwa kila asubuhi kabla ya zamu: kuokota njiti za kibiriti, kuminya mpira wa Neema, kuinua ule ubao na kuushikilia mpaka bega liwake. Neema alikuwa mwamuzi. "Umetetemeka, Mama. Rudia." Nilirudia.

Nilishindwa mara ya kwanza. Ilikuwa mwanzoni mwa 2013, dawa bado hazijaisha, na mimi ndiye niliyeharakisha. Bosi alikuja mwenyewe uwanjani. Shabaha za polepole nilipiga safi. Amri ya kupiga kwa haraka ilipotolewa, bastola iliruka mkononi, ikapinda, na risasi zikaenda mchangani. Nikaiweka chini kama inavyotakiwa, nikarudi nyuma, uso umenichoma. Bosi alinitazama mkono, akaondoka. Nadhani alinihurumia, na huruma hiyo ndiyo iliyonikera zaidi.

Uchaguzi wa mwezi wa tatu ulifika, wenzangu wote wakapelekwa vituoni, hadi kandokando ya ziwa. Mimi nilikaa na redio, nikapokea habari zao saa baada ya saa. Zamu ilipokwisha nilikwenda nyumbani nikauinua ule ubao.

Wafula aliniuliza wakati huo, "Kwani kuna ubaya gani ukistaafu? Tuna duka." Alisema kwa upole, na swali lilikuwa la haki. Nilimjibu kwamba ningestaafu bila kinyongo siku nitakayochoka na kazi. Ila kustaafu kwa sababu watu wameogopa kiti nilichokalia, hapana. "Basi nitaendelea kupika," akasema.

Pakiti ya mwisho niliimaliza mvua za masika zikiwa zimepaka kijani kwenye changarawe, ule ukijani wa Turkana usiodumu. Moraa alinishika mkono akaupima tena wote, akaniambia nimepona. Nilitegemea kulia. Nilisikia njaa tu, tukaenda na Mama Furaha kula chapati na maharagwe kwa Mwethiopia mmoja pale kambini. Chozi liliponijia baadaye, Mama Furaha alikataa nilimwage juu ya chakula. "Kula, dada. Hata mi siku yangu ya mwisho nilikulaka tu."

Nilirudi uwanjani mwezi wa sita. Safari hii sikumwomba bosi, aliniita yeye. Ekiru alikuwa ameufunga mpini wa akala kwenye bastola yangu na kuukaza skrubu mara mbili. Upepo ulikuwa ule ule wa mchanga. Nilipiga za polepole. Kisha amri ya haraka ikaja, nikasikia mifereji chini ya dole gumba, nikasikia mshtuko ukipanda mkono hadi bega, na bastola ikarudi pale pale ilipokuwa. Tena. Tena. Nilipoishusha, Ekiru alikuwa ameshafika kwenye shabaha, na yule mtu asiyepaza sauti akapaza sauti.

"Koplo! Zimeingia!"

Bosi alinipa mkono. Mkono wa kulia. Aliushika kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida, na sote wawili tulijua kwa nini.

Sijarudi kuwa nilivyokuwa. Kidole kidogo kimejikunja na hakitanyooka. Rangi ya ngozi imerudi karibu yote. Mama alikwenda Kitale kuvuna na bado yuko huko. Ananisalimia kwa simu, na wakati mwingine anauliza kama nimejipaka mafuta. Wapo marafiki waliohama maishani mwangu mwaka ule na hawajarudi, nami nimeacha kuwangoja.

Mwezi wa nane nilikuwa Kalemng'orok kwa kazi, nikaingia hotelini kunywa chai. Mhudumu, msichana wa Kiturkana mwenye shanga shingoni, aliiweka chai mezani akakiona kidole changu.

"Madam, huyu kidole nafanya nini?"

Madereva wa malori waliokuwa meza ya pili waliacha kutafuna. Ningeweza kusema nilivunjika. Ningeweza kusema risasi, na wangenipenda.

"Ni ukoma," nikasema, kwa sauti ya kusikika hotelini kote. "Nilikunywa dawa mwaka mzima, nikapona."

Dereva mmoja akatazama kikombe changu. Msichana hakuondoka. Alipangusa meza iliyokuwa safi, akaipangusa tena, kisha akainama kama anayeokota kitu.

"Mama yangu iko na alama mgongoni," akasema chini chini. "Hapana sikia kitu hapo. Hiyo dawa napeana siku gani?"

Sikushusha sauti yangu. Nilitaka na wale madereva wasikie.

"Jumanne, Kakuma, kwenye zahanati. Dawa ni ya bure. Na usimtume peke yake. Nenda naye, ukae naye kwenye benchi."